Kutafiti ari ya kazi kwa wanaoishi na maradhi: mwongozo kwa mtafiti wa Unguja na Pemba

Mtu anayeishi na sukari, presha au maradhi mengine ya muda mrefu haachi kuwa mfanyakazi. Ana zamu yake, ana mkubwa wake wa kazi, ana mshahara anaoutegemea na ana watu wanaomtegemea yeye. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri kijana au ofisa wa utumishi anayetaka kujua mtu huyo hupata wapi ari ya kwenda kazini, na ni nini kinachoivunja ari hiyo. Hojaji peke yake itamwonesha ari imeshuka kwa nani na kwa kiasi gani, lakini haitamweleza imeshukaje. Mahojiano peke yake yatamweleza imeshukaje kwa watu wachache, bila kumwonesha kama hali hiyo imeenea. Ndiyo maana suala hili linahitaji mbinu mchanganyiko, yaani hesabu na masimulizi yaliyopangwa tangu mwanzo yakutane.

Mfano nitakaoutumia ni wa walimu wa skuli za Wilaya ya Chake Chake, Pemba. Nimewachagua kwa sababu kazi yao inagongana na maradhi waziwazi. Mwalimu husimama kwa saa nyingi, hula kwa kengele na hawezi kuliacha darasa kila anapobanwa na haja, ilhali sukari isiyodhibitiwa huongeza mkojo na baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo hivyo. Siku ya kliniki nayo huangukia siku ya kazi, na kipindi kinachokosekana huonwa na wanafunzi, wazazi na walimu wenzake.

Hatua ya kwanza: punguza swali, kisha ligawe mara tatu

Swali la "maradhi yanaathirije kazi" ni pana kiasi kwamba halina jibu. Lipunguze mpaka liseme ni maradhi gani, kazi gani na mahali gani, halafu uandike maswali matatu. La kwanza ni la hesabu: je, walimu wenye sukari au presha wanatofautiana kwa ari ya kazi na wenzao wa umri uleule wasio na maradhi hayo? La pili ni la masimulizi: walimu hao wanaielezaje siku yao ya kazi, na ni nini kinachowafanya waendelee au watake kuacha? La tatu ndilo watafiti wengi huliacha, na likiachwa utafiti unabaki vipande viwili vilivyofungwa jalada moja: masimulizi yanaeleza nini kuhusu hesabu, na ni wapi yanapingana nayo?

Chagua pia nadharia moja itakayokuongoza. Kwa suala hili napendelea ile ya Edward Deci na Richard Ryan, walioiweka kwa ukamilifu mwaka 1985, inayosema kwamba ari ya kweli hulishwa na mahitaji matatu: uhuru wa kuamua mambo yako, kujiona unaiweza kazi, na kuwa na watu wanaokujali. Uzuri wake ni kwamba maradhi huyagusa yote matatu. Ratiba ya dawa na kliniki hubana uhuru, uchovu hutikisa imani ya mtu katika uwezo wake, na kuficha maradhi humtenga na wenzake. Nadharia zinazotazama mshahara na mazingira ya kazi nazo zina nafasi yake, lakini zitakuacha njiani pale utakapokutana na mwalimu mgonjwa, mwenye mshahara mdogo, asiyekubali kukosa kipindi.

Hatua ya pili: watafute wasiokuwepo kazini

Hapa ndipo tafiti nyingi za aina hii huharibika, tena kabla ya hojaji hata moja kugawiwa. Ukienda skuli na kuwahoji walimu wenye maradhi waliomo ofisini siku ile, umewahoji waliofaulu kubaki. Aliyestaafu mapema kwa sababu ya figo, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, aliyeomba kuhamishiwa kazi ya ofisini, na yule aliyeko kitandani wiki hiyo hawamo. Jibu litakalotoka litakuwa zuri kuliko hali ilivyo, na wewe hutajua kwamba ni zuri kupita kiasi.

Kwa hiyo orodha yako itoke sehemu zaidi ya moja. Ya kwanza ni orodha ya walimu wote walioajiriwa katika skuli ulizozichagua, wakiwemo walio likizo ya ugonjwa. Ya pili ni walimu walioacha au kustaafu kabla ya muda katika miaka michache iliyopita. Hawa usiwatafute kwa kumwuliza sheha nani anaumwa nini, kwani hapo utakuwa umeitangaza siri ya mtu katika shehia nzima. Waombe walimu wenzao wawapelekee barua yako yenye namba ya simu, na anayetaka kushiriki akupigie mwenyewe. Utawapata wachache, lakini wachache hao watakufundisha mengi.

Usitegemee kliniki pekee kama chanzo cha majina. Anayehudhuria kliniki kila mwezi ni mtu aliyekwisha kukubali kwamba anaumwa na anayeweza kutoka kazini. Asiyeweza kutoka, au asiyetaka kuonekana kwenye foleni ya sukari na mzazi wa mwanafunzi wake, hutampata pale.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, wanafunzi wetu wengi hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967: idadi ya watu wote igawanywe kwa moja kujumlisha zao la idadi hiyo na mraba wa kosa linalokubalika. Tuseme skuli zako zina walimu 400 na kosa ni asilimia 5. Utagawa 400 kwa 2 na kupata 200. Hesabu ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Inakupa sampuli ya walimu wote, si ya walimu wenye maradhi. Ikiwa mmoja katika kila kumi anajua kwamba ana sukari au presha, ndani ya 200 hao utakuwa na wagonjwa 20 tu, na ulinganisho wa watu 20 na watu 180 ni dhaifu. Kwa wilaya ndogo ushauri wangu ni kuwapa hojaji walimu wote 400. Gharama ya karatasi na nauli itaongezeka, lakini utakuwa na kitu cha kulinganisha.

Hatua ya tatu: vibali na kalenda

Afya si jambo la Muungano, hivyo kibali cha maadili cha Tanzania Bara hakitoshi huku. Pendekezo lako lipelekwe kwenye kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, yaani ZAHRI, hata kama unajiona mtu wa elimu au wa utumishi, kwa sababu unauliza habari za maradhi ya watu. Baada ya hapo utahitaji kibali cha Serikali cha kufanya utafiti, barua ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kupitia ofisi yake ya Pemba, kisha barua kwa wilaya na kwa masheha wa shehia utakazoingia. Anza mapema na utembee na nakala za kutosha, kwa kuwa kila unapofika wataomba kubaki na yao.

Kalenda nayo si jambo dogo. Katika mwezi wa Ramadhani milo, usingizi na ratiba za kazi hubadilika, na wenye sukari huwa katika mazungumzo mazito na madaktari wao juu ya kufunga. Hojaji inayouliza hali ya wiki mbili zilizopita itapima Ramadhani badala ya kupima maisha ya kawaida, isipokuwa kama hiyo ndiyo mada yako. Msimu wa karafuu Pemba huwatoa watu wengi majumbani kwenda mashambani, na wiki za mitihani mwalimu hana nafasi ya kukaa nawe saa nzima. Anayebadili mfano huu na kuwatafiti wakulima wa mwani wa Paje au Jambiani atazame maji badala ya kengele: wakati wa bamvua kina mama huwa baharini, na nafasi ya kuzungumza hupatikana maji yakiwa mafu.

Hatua ya nne: tengeneza hojaji

Usitunge vipimo vipya pale ambapo vya zamani vipo. Kwa ari ya kazi kuna kipimo cha pande nyingi kilichochapishwa mwaka 2015 na Marylène Gagné na wenzake, chenye vipengele 19 vinavyojibu swali moja: kwa nini unajitahidi katika kazi yako? Kilijaribiwa katika lugha saba, na Kiswahili hakikuwemo, kwa hiyo lazima ukitafsiri na kukijaribu. Watu wawili wakitafsiri kila mmoja peke yake, waoanishe kazi zao, mtu wa tatu asiyeuona waraka wa asili airudishe tafsiri katika Kiingereza, kisha mkae pamoja kulinganisha. Halafu wasomee walimu watano au sita na umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Hatua hii haikwepeki. Katika ofisi zetu "motisha" kwa kawaida ni posho, na ukimwuliza mwalimu kama ana motisha atakujibu kwamba hajalipwa. Andika "ari" au "hamu ya kufanya kazi", na uulize habari ya posho mahali pake.

Kwa hali ya maisha na afya, hojaji iitwayo SF-36 ina sifa ya kuwa na toleo la Kiswahili lililopimwa Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Maswali 36 lakini ni mengi kwa mtu aliye kati ya vipindi viwili. WHO-5, hojaji fupi ya Shirika la Afya Duniani inayopima ustawi wa nafsi, ina maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita na alama zake hupelekwa kwenye mizani ya 0 hadi 100, na kwa hojaji ya darasani mimi ningechukua hiyo. Ipo pia PHQ-9 inayopima dalili za sonona kwa alama 0 hadi 27, lakini swali lake la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Usiliweke swali hilo katika hojaji isiyo na majina. Mtu akijibu ndiyo, utakuwa na karatasi mkononi na hutajua ni ya nani. Kama unaihitaji PHQ-9, itumie ana kwa ana, ukiwa umekwisha kukubaliana na mhudumu wa afya ya akili atakayempokea mtu siku ileile.

Maswali ya maradhi yenyewe yawe ya wazi: daktari aliwahi kukwambia una maradhi gani, mwaka gani, unatumia dawa, siku ngapi katika siku 30 zilizopita hukwenda kazini kwa kuumwa, na siku ngapi ulikwenda hali unaumwa. Swali hili la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa kuwa daftari la mahudhurio huandika waliokosa, na mwalimu aliyefika akiwa na kizunguzungu huandikwa kama mzima. Kumbuka pia kwamba wengi wenye presha hawajijui. Ukiamua kupima, kipimo kifanywe na mtu mwenye ujuzi, na kila atakayeonekana na 140/90 au zaidi apewe rufaa ya maandishi kwenda kupimwa tena. Kumpima mtu, kuandika namba na kuondoka ni kumdhulumu.

Hatua ya tano: jaribu, kisha kusanya

Fanya jaribio kwa walimu 20 au 30 wa wilaya nyingine, kwa mfano Wete, ili usiwachoshe wale wa sampuli yako. Angalia hojaji inachukua dakika ngapi na swali gani linaachwa wazi, kisha pima uthabiti wa vipengele kwa alfa ya Cronbach, 0.70 na kuendelea huhesabiwa kuwa inatosha.

Wakati wa kugawa hojaji, mwalimu mkuu asizikusanye. Kila mwalimu apewe bahasha, aifunge mwenyewe na aitie katika sanduku. Ndani ya bahasha iwemo karatasi ndogo ya pili, ya hiari, ya kuandika namba ya simu kwa anayekubali kuhojiwa baadaye. Karatasi hiyo na hojaji ziwe na namba moja ya siri inayojulikana kwako tu, na anayeijaza aelezwe kwamba hapo utaweza kujua hojaji yake ni ipi.

Hatua ya sita: hesabu

Programu yoyote itafaa, iwe SPSS, R au hata Excel kwa mambo ya msingi. Kosa la kuliepuka ni kulinganisha wenye maradhi na wasio nayo bila kuangalia umri. Mwalimu mwenye miaka 55 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na presha, na pia ana uzoefu, cheo na mapenzi ya kazi yaliyojengwa kwa miaka mingi. Bila kuwagawa kwa rika, unaweza kuona kwamba presha inaongeza ari. Kumbuka vilevile kwamba umepima mara moja tu: huna ruhusa ya kuandika kwamba maradhi yameshusha ari, kwa kuwa huenda ari iliyoshuka ndiyo iliyomfanya mtu aache kujitunza.

Kisha chora mraba wenye pembe nne. Upande mmoja weka uzito wa maradhi, mwingine weka ari. Utapata wenye maradhi mazito na ari ya juu, wenye maradhi mazito na ari ya chini, wenye maradhi mepesi na ari ya juu, na wenye maradhi mepesi ambao ari yao imekufa. Pembe ya kwanza na ya nne ndizo zisizotarajiwa, na huko ndiko utakakoanza kuwatafuta watu wa kuwahoji.

Hatua ya saba: mahojiano

Utafiti wa Guest na wenzake uliochapishwa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 na wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi, ulionesha kwamba sehemu kubwa ya mada ilikwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Kwa pembe nne, pamoja na walioacha kazi, panga watu kati ya 15 na 20 na uwe tayari kuongeza.

Mahali pawe pale atakapopachagua mhojiwa. Katika skuli kuta zina masikio, na nyumbani huenda jamaa hawajui yote. Mwulize kwanza kwa simu angependa ukutane na nani mlangoni, na useme umekuja kwa shughuli gani watu wakikuuliza.

Sasa jambo la adabu ambalo ni jambo la utafiti pia. Kwetu mtu akiulizwa hali husema Alhamdulillahi, awe mzima au hoi, na kumshukuru Mungu si kuripoti afya. Mtafiti anayesikia shukrani akaandika "afya nzuri" amekosa adabu na amekosa taarifa. Ipokee shukrani, kisha uliza jambo lenye saa na mahali. Tuseme mtafiti kijana amekaa na mwalimu wa makamo:

"Shikamoo Maalim. Habari za maradhi?"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, tunakwenda."

"Alhamdulillahi. Jana, Maalim, kipindi cha mwisho kilikukuta katika hali gani?"

"Kipindi cha mwisho nakaa. Nawaandikisha, wao wanaandika, mimi nakaa."

"Zamani ulikuwa ukifanya hivyo?"

"Zamani? Zamani nilikuwa nikizunguka darasa zima. Mtoto wa nyuma hakuwa na pa kujificha."

Katika majibu hayo hakuna neno "ari" wala neno "maradhi", na yote mawili yamo. Mwalimu huyu hajakosa kipindi, hojaji itamwandika kama mhudhuriaji mwema, lakini ameibadili kazi yake ili aiweze, na kuna kitu katika kazi hiyo anachokihuzunikia. Hapo usikimbilie swali linalofuata. Mwulize ni lini alianza kukaa, nani anajua kwamba anakaa, na wanafunzi wamelichukuliaje.

Mwongozo wako wa maswali uwe mfupi. Nielezee siku yako ya kazi ya jana tangu alfajiri. Nani kazini anajua kwamba unaumwa, na alijuaje? Ni siku gani ulitaka kuacha, na nini kilikuzuia? Mtu akisema kwamba ni kadari ya Mungu, usilichukue kama kukata tamaa wala kama mwisho wa mazungumzo. Wengi hulitamka neno hilo wakiwa wanaeleza walikopata nguvu ya kuendelea. Sikiliza kinachofuata.

Nukuu mazungumzo neno kwa neno, na lugha ya mtu ibaki kama alivyoisema, hata pale Kipemba kinapoachana na Kiswahili cha vitabuni. Chambua kwa Kiswahili. Ikiwa tasnifu yako ni ya Kiingereza, tafsiri mwishoni zile nukuu utakazozitumia tu. Mtu wa pili asome angalau mahojiano matatu na kuyapanga kwa mada bila kuona mpango wako, kisha mjadiliane mlipotofautiana.

Hatua ya nane: kukutanisha hesabu na masimulizi

Tengeneza jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza iandike hesabu inasema nini, ya pili watu wamesema nini, na ya tatu uhusiano wake: yanakubaliana, moja linaongeza juu ya jingine, au yanapingana. Kwa mfano, hesabu ikionesha kwamba wenye sukari wana ari ndogo katika skuli za mikondo miwili, yaani zenye zamu ya asubuhi na ya mchana, kuliko za mkondo mmoja, na wahojiwa wakazungumzia mlo unaorukwa kwa sababu ya kupokezana madarasa, mambo yameongezeana. Yakipingana, usifiche upande mmoja. Rudi kwenye hojaji uone kama swali lilieleweka, rudi kwenye sampuli uone nani hakuhojiwa, na ukikosa sababu andika kwamba yanapingana na ueleze yote mawili kwa ukamilifu. Mtahini mzuri ataithamini sura hiyo kuliko sura ambayo kila kitu kimelingana.

Hatua ya tisa: kuandika na kurudisha

Pemba watu wanajuana. Ukiandika "mwalimu wa kike wa fizikia, miaka 48, mwenye sukari, skuli ya sekondari ya pembezoni", umelificha jina na umemtaja mtu. Ondoa somo, weka rika badala ya umri, usitaje skuli, na pale mkasa wenyewe unapomtambulisha mtu, mwoneshe kwanza ulichokiandika na umpe haki ya kukataa.

Wizara wape ukurasa mmoja au miwili yenye mambo yanayoweza kufanywa na mwalimu mkuu bila fedha mpya: siku ya kliniki iingizwe katika ratiba ya vipindi, mwenye sukari asipangiwe vipindi vinavyovuka saa ya mlo wake, na darasa lake liwe karibu na choo. Walimu wapewe mkutano wa wazi katika kituo cha walimu, wote walioalikwa kwenye hojaji, wagonjwa na wazima, ili kuhudhuria kusimtambulishe yeyote. Rekodi za sauti zifutwe katika muda ulioandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na orodha inayounganisha namba za siri na namba za simu ichanwe kabla ya tasnifu kukabidhiwa.